VPN kwenye ruta ya nyumbani inashusha 7 Mbps, bila VPN napata 48. Tatizo liko wapi? (Mtwara)

#1 Shangani_Net
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa kitaalamu, sio ule wa "zima halafu washa".

Ruta ni TP-Link Archer C7 v2 yenye OpenWrt (mfumo huria wa ruta). Kiboksi cha faiba cha kampuni kimewekwa daraja (bridge), kwa hiyo PPPoE (kuingia kwenye laini kwa jina na nywila) inapigwa na ruta yenyewe. Kifurushi ni cha 50 Mbps. OpenVPN (programu ya VPN, yaani njia iliyosimbwa hadi seva ya mbali) ipo kwenye ruta ili vifaa vyote vipite humo bila kusakinisha kimoja kimoja. Seva iko Frankfurt, UDP (kutuma pakiti bila kusubiri risiti), bandari 1194.

Vipimo vyote ni kwa waya:
Bila VPN: kushusha 48, kupandisha 46, pingi 14 ms (seva ya Dar).
VPN kwenye ruta: kushusha 7, kupandisha 11.
VPN kwa programu ya kampuni hiyo hiyo ya VPN, ikiwa kwenye kompyuta, mji ule ule: kushusha 31, kupandisha 28.

Kinachonichanganya ni kupandisha kuzidi kushusha. Kama ruta ni dhaifu, si ingekuwa dhaifu pande zote?

#2 MzeeKorosho
Hamia WireGuard, itifaki nyepesi ya VPN, uzi ufungwe.

#3 Fundi_Chuno
Mzee subiri, mtu ameleta namba nzuri, tuzitumie.

C7 v2 ina prosesa ya QCA9558, 720 MHz, kori moja, na haina maelekezo ya AES (usimbaji) ndani yake. Kompyuta yako inayo, ndiyo maana inasimba na kusimbua bila kutoka jasho. Halafu OpenVPN ya kawaida haikai ndani ya kerneli (kiini cha mfumo). Kila pakiti inatoka kwenye kerneli, inapanda kwenye programu, inasimbuliwa, inarudishwa tena kwenye kerneli. Pakiti 1000 kwa sekunde ni safari 1000 za kwenda na 1000 za kurudi. Kwa prosesa hii ukipata 10 hadi 20 Mbps umefika mwisho wa barabara, na hapo ruta iwe haina kazi nyingine.

Hakikisha kabla ya kununua chochote. Ingia kwenye ruta kwa SSH (kuandika amri kwa mbali), andika `top` (orodha ya vinavyokula prosesa), kisha anzisha faili kubwa kwenye kompyuta. Angalia mstari wa openvpn na ile namba ya idle (prosesa isiyo na kazi) juu. Idle ikigusa 0% wakati spidi imekwama, mshitakiwa amekamatwa. Ikibaki 40% na spidi bado ni 7, tafuta kwingine.

Pia fungua logi utafute mstari unaosema "Data Channel: cipher". Ukikuta AES-256-CBC pamoja na SHA512, hizo ni gharama mbili kwa kila pakiti. AES-128-GCM ni nyepesi zaidi. Kwa chipu isiyo na AES, CHACHA20-POLY1305 ndiyo nyepesi kuliko zote, ila inahitaji OpenVPN 2.5 kwenda juu pande zote mbili.

#4 Ligula_88
Fundi_Chuno namheshimu, ila umbali hajaugusa kabisa.

Pingi ya Frankfurt kutoka huku inacheza 165 hadi 180 ms kebo zikiwa nzima. TCP inatuma kiasi fulani, inasubiri risiti, ndipo inaendelea. Kiasi hicho kikiwa KB 64 na risiti ikachukua sekunde 0.17, hesabu ni 64 × 1024 × 8 ÷ 0.17, sawa na 3.1 Mbps hivi. Hata ukivutiwa faiba ya 1000 utabaki na hiyo 3.1. Kujaza 48 Mbps kwa umbali huo unahitaji takriban MB 1 iwe njiani kwa wakati mmoja.

Weka `sndbuf 0` na `rcvbuf 0` kwenye faili la OpenVPN, kisha pima upya.

#5 Masasi_4G
Mnazunguka mbuyu. Watoa huduma wanabana UDP, kila mtu anajua. Badili iwe TCP bandari 443, ifanane na tovuti ya kawaida, utaona inavyofunguka.

#6 Fundi_Chuno
@Ligula_88 hesabu ni sahihi ila dawa imechacha. Bufa ya KB 64 ilikuwa ni mambo ya OpenVPN ya zamani. Matoleo ya sasa yanauachia mfumo wa uendeshaji uamue wenyewe. Halafu kwenye UDP ile bufa ya soketi sio dirisha la TCP. Dirisha linalohusika ni la kompyuta inayoshusha na seva inayotuma faili, na Windows au Linux ya leo inalipanua yenyewe hadi megabaiti kadhaa.

@Masasi_4G kuweka TCP ndani ya TCP ni kualika ugomvi nyumbani. Pakiti moja ikipotea, TCP ya nje inarudia kutuma, TCP ya ndani nayo inaona kimya na kurudia pia. Zinarundikana. Kwa njia ya 170 ms yenye upotevu kidogo unaweza kujikuta kwenye 2 Mbps. TCP 443 ni ya pale UDP inapozuiwa kabisa.

@Shangani_Net kuna kitu kwenye vipimo vyako. Programu nyingi za VPN za kompyuta siku hizi zinaanza na WireGuard bila kukuuliza. Fungua mipangilio uangalie itifaki. Kama ni WireGuard, hujalinganisha ruta na kompyuta, umelinganisha itifaki mbili kwenye mashine mbili.

#7 Shangani_Net
Shukrani wakuu.

`top` wakati wa kushusha: openvpn 89%, sirq (kazi za mtandao ndani ya kerneli) 9%, idle 0%. Cipher ni AES-256-CBC. Na ndiyo, programu ya kompyuta ilikuwa kwenye WireGuard. Nimeilazimisha iende OpenVPN UDP, sasa inashusha 22.

#8 MzeeKorosho
Rejea #2. Malipo kwa korosho ghafi, daraja la kwanza.

#9 binti_mikindani
Mzee usidai malipo mapema. Prosesa imekamatwa kwa kesi ya OpenVPN, lakini kompyuta yenye AES yake nayo imetoka 48 hadi 31 kwa WireGuard na 22 kwa OpenVPN. Hiyo tofauti sio ya ruta. Kuna kesi mbili humu ndani.

Kipimo kinachozitenganisha ni iperf3, programu ya kupima spidi kati ya mashine mbili. Ukiwa ndani ya VPN, chagua seva ya iperf3 iliyo wazi huko huko Ulaya, kisha:

`iperf3 -c seva -R -t 30`
`iperf3 -c seva -R -P 8 -t 30`

`-R` inageuza mwelekeo, yaani seva ndiyo inatuma, kwa hiyo unapima kushusha. `-P 8` inafungua mikondo 8 kwa pamoja. Mkondo mmoja ukitoa 6 na mikondo 8 ikatoa 35, shida ni umbali au pakiti zinazopotea, kwa sababu kila mkondo unabanwa peke yake. Mmoja na 8 zikitoa namba moja, kuna dari: prosesa, au mtu ameweka kikomo. Hamna haja ya kubishana mpaka alfajiri.

#10 Nachingwea_Tik
Wenye MikroTik wasome hapa. RouterOS 6, OVPN yake inakubali TCP tu, UDP ilikuja na toleo la 7. Kwa hiyo wale mliobaki na 6 mko ndani ya ugomvi alioueleza Fundi_Chuno #6 hata kama hamkuutaka. hAP ac² ikiwekwa toleo la 7 na WireGuard inapita vizuri kabisa kwa vifurushi vya nyumbani vya huku, ina kori nne. Na hEX ile ya RB750Gr3 ina kisaidizi cha maunzi kwa ajili ya IPsec (itifaki nyingine ya VPN). Ukitumia IPsec badala ya OpenVPN ni kama umebadilisha ruta.

#11 Masasi_4G
Nimerudi. Hata mkihamia WireGuard, msisahau MTU (ukubwa wa juu wa pakiti). Chaguo-msingi lake ni 1420, na huyu ndugu yuko kwenye PPPoE ambayo ni 1492. Haitoshi, pakiti zitakatwa vipande viwili, spidi itakufa. Aweke 1412.

#12 binti_mikindani
Kaka hapo umechanganya. WireGuard inaongeza baiti 60 juu ya IPv4 (20 za IP, 8 za UDP, 32 zake) na 80 juu ya IPv6. Ile 1420 imetokana na 1500 kutoa 80. Kwenye PPPoE, 1492 kutoa 60 ni 1432. Kwa hiyo kama anwani ya seva ni IPv4, 1420 inapita na chenji inabaki. 1412 inakuwa lazima pale seva inapofikiwa kwa IPv6.

Kwa mtu wa 4G kama wewe ndiyo kuna kazi, maana mitandao ya simu mara nyingi inapitisha chini ya 1500. Pima bila VPN ukiwa kwenye kompyuta (ping ya ndani ya ruta mara nyingi haina kitufe cha kukataza kukata pakiti):

Windows: `ping -f -l 1472 8.8.8.8`
Linux: `ping -M do -s 1472 8.8.8.8`

1472 na 28 za vichwa ni 1500. Ikikataa, shuka kwa 10 mpaka ijibu, kisha panda kwa 2 mpaka ikatae. Kwenye PPPoE itasimama 1464. Ongeza 28 kwenye namba ya mwisho iliyojibu, toa 60 au 80, hiyo ndiyo MTU yako ya WireGuard. Kisha kwenye OpenWrt hakikisha kanda ya ukuta iliyobeba WireGuard ina `option mtu_fix '1'`, sio kanda ya wan peke yake. Wengi wanaisahau hiyo.

Dalili ya MTU mbovu mara nyingi sio "polepole kwa usawa". Ni ping inapita, ukurasa mmoja unafunguka, mwingine unaganda nusu, na faili linaanza kwa kasi halafu linasimama kimya.

#13 Masasi_4G
Sawa dada, nimepima, laini yangu imegoma juu ya 1400. Naweka 1340 sasa hivi.

#14 Newala_Juu
Hivi na joto? Ruta nyingi huku zinawekwa juu ya kabati chini ya bati bila dari. Prosesa ikipata moto inajipunguza kasi.

#15 Fundi_Chuno
Hiyo ni tabia ya simu na kompyuta. C7 na wenzake wa MIPS hawana huo ustaarabu, wanaendelea kwa kasi ile ile mpaka wagande au wajiwashe upya. Joto litakupa ruta inayokata, sio ruta inayoshusha 7 saa zote.

Adapta ndiyo ya kuangalia. Soma maandishi chini ya ruta, ampea ngapi. Watu wanachomeka adapta ya 12V 1A ya dishi kwenye ruta inayotaka zaidi ya hapo, taa zinawaka, kila mtu anafurahi, halafu mzigo ukiwa mkubwa redio ya 5 GHz inazima na kuwaka. Vile vibetri vya akiba vya ruta navyo, angalia vinatoa ampea ngapi.

#16 Shangani_Net
Nimehamia WireGuard kwenye ruta, seva ya Frankfurt, anwani ya IPv4, MTU 1420. Matokeo:

Kushusha 19, kupandisha 24.
iperf3 mkondo mmoja: 8. Mikondo 8: 20.
`top`: hakuna programu yoyote inayoonekana kula, lakini idle bado iko 2%.

#17 Fundi_Chuno
WireGuard hutaiona kwa jina kwenye `top`, inaishi ndani ya kerneli. Mzigo wake uko kwenye sirq na kwenye kworker. Angalia sirq, nadhani ni juu ya 80%.

Na nikuulize: SQM (kupanga foleni ya pakiti) umewasha? C7 kwa WireGuard peke yake inatakiwa ikupe zaidi ya 19.

#18 Shangani_Net
sirq 84%. SQM ipo, aina ya cake, kwenye kiolesura cha WireGuard, nimeweka 45000 pande zote mbili ili simu za WhatsApp zisikatekate.

#19 Fundi_Chuno
Haya ndiyo hayo. Kori moja inapiga PPPoE, inafanya NAT (vifaa vyote kutumia anwani moja ya IP), inapanga foleni ya cake, na juu yake inasimbua. Zima SQM kwa dakika tano upime. Ukiona inaruka, jaribu fq_codel na simple.qos badala ya cake, ni nyepesi. Au ishushe SQM iwe 25000, maana hupati zaidi ya hapo kupitia VPN.

#20 MzeeKorosho
Yaani mtu anaambiwa apunguze spidi ili spidi iongezeke. Hii ni kama mnada wa Tandahimba, wakulima wakikataa bei ya leo ndiyo kesho inapanda.

#21 Ligula_88
Jamani mkondo mmoja 8, mikondo 8 inafika 20. Kwa kipimo cha binti_mikindani #9 hapo kuna mambo mawili kwa pamoja. Ile 20 ni dari ya prosesa, sawa. Lakini ile 8 ya mkondo mmoja ni ya kwangu, umbali. Msiniondoe kwenye mjadala.

#22 binti_mikindani
Umbali na upotevu, sio umbali peke yake. Chukua kanuni ya Mathis ya 1997: spidi ya mkondo mmoja ni takriban ukubwa wa pakiti kugawa kwa muda wa kwenda na kurudi, mara 1.22, kugawa kwa kipeuo cha pili cha upotevu. Pakiti ya baiti 1380, 170 ms, na pakiti 1 inayopotea katika kila 10,000:

11,040 biti ÷ 0.17 × 1.22 ÷ 0.01 = 7.9 Mbps.

Angalia namba yake ya mkondo mmoja. Sasa badilisha 170 ms iwe 30 ms, upotevu ule ule, unapata kama 45 Mbps. Ndiyo maana kipimo chake cha Dar cha 14 ms kinaonyesha 48 bila wasiwasi. Upotevu upo, ila Dar iko karibu, TCP inajirekebisha kabla mtu hajagundua. Na tovuti za kupima spidi zinafungua mikondo mingi, zinaficha zaidi.

Kanuni hiyo ni ya TCP ya mtindo wa zamani. Cubic ya sasa inavumilia zaidi, na seva yenye BBR (algoriti nyingine ya kutuma) haijali sana upotevu mdogo. Hii inajibu pia swali la #1: anayetuma ndiye anayeamua mwendo. Ukipandisha, anayetuma ni kompyuta yako. Ukishusha, ni seva ya watu. Pande mbili, algoriti mbili, na hata njia ya baharini ya kurudi inaweza isiwe ile ya kwenda.

#23 Lindi_Mitwero
Kama kuna upotevu, kabla ya kulaumu Bahari ya Hindi angalia faiba ndani ya nyumba. Ingia kwenye ukurasa wa kiboksi cha faiba, tafuta nguvu ya mwanga inayopokelewa. Kwa GPON (faiba za majumbani) za kawaida, -15 hadi -24 dBm ni afya. Ikikaribia -27 uko ukingoni mwa uwezo wa kupokea na makosa yanaanza.

Vitu vya kukagua: kipande cha kebo kutoka kwenye kisanduku cha ukutani hadi kwenye kiboksi. Vichwa vya kijani vimechongwa mshazari, vya bluu vimechongwa bapa. Kijani kwenye kijani tu. Ukichomeka cha bluu kwenye tundu la kijani kinaingia vizuri kabisa, taa inawaka, lakini kati ya vioo viwili panabaki upenyo na mwanga mwingi unapotea hapo. Kebo iliyokunjwa nyuma ya kabati nayo, isiwe na mzunguko mdogo kuliko nusu kipenyo cha sentimita 3. Na kioo usikipangusie shati. Spiriti ya isopropili 99% na kitambaa cha lenzi, pangusa mara moja kwa mwelekeo mmoja. Usikitazame kwa jicho, mwanga wake hauonekani lakini ni leza.

#24 Nachingwea_Tik
Au ahame Frankfurt. Kama anataka VPN kwa ajili ya usalama tu, achukue seva ya Nairobi au Johannesburg.

#25 Ligula_88
Nairobi ya kwenye orodha au Nairobi yenyewe? Kampuni nyingi za VPN zinaandika Kenya, anwani inasajiliwa Kenya, mashine imekaa Ulaya. Piga ping. Ikikupa 30 hadi 45 ms kutoka Mtwara, iko Nairobi. Ikikupa 165, umepewa Ulaya yenye bendera ya Kenya.

#26 Newala_Juu
Na kebo zenyewe zinakatika. Mwezi wa tatu 2024 si tulikaa bila intaneti nchi nzima?

#27 Lindi_Mitwero
Sio wa tatu. Machi 2024 ilikuwa Afrika Magharibi, kebo ya WACS na wenzake. Yetu ilikuwa Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zote mbili kwa pamoja, upande wa kusini kuelekea Afrika Kusini. Ile ya Bahari Nyekundu ilitangulia, mwishoni mwa Februari.

Ila kebo ikikatika unaona pingi imeruka, sio iliyotulia. Hii ya Shangani_Net haina uhusiano.

#28 Newala_Juu
Sawa mkuu. Na TCRA (mamlaka ya mawasiliano) je, VPN si inatakiwa kusajiliwa?

#29 Kaizari_Nanyumbu
Tangazo lilitoka Oktoba 2023, watumiaji wa VPN watoe taarifa zao pamoja na anwani za IP kabla ya Oktoba 30. Ofisi zinazounganisha matawi zikalishughulikia.

#30 Msimamizi
Sheria ina uzi wake. Hapa ni spidi.

#31 Kaizari_Nanyumbu
Turudi. Kuna mtego wa WireGuard kwenye ruta haujatajwa, na huku kwetu umeme ukicheza unawapata wengi. Ruta haina betri ya saa. Umeme ukikatika, OpenWrt inaamka na tarehe ya faili lililobadilishwa mwisho ndani ya /etc, yaani inaweza kuwa nyuma wiki nzima. WireGuard inabandika muda kwenye salamu ya kwanza, na seva inakataa salamu yenye muda wa nyuma kuliko ile ya mwisho iliyoipokea. Kwa hiyo VPN haiunganiki mpaka saa irekebishwe na NTP (huduma ya saa ya mtandaoni). Lakini kama DNS (inayotafsiri majina kuwa namba) na NTP zote umezilazimisha zipite ndani ya VPN, saa haiwezi kurekebishwa mpaka VPN iungane. Mmoja anamsubiri mwenzake.

Dawa: weka seva ya NTP kwa namba badala ya jina, na iwekee njia ya kupita wan moja kwa moja. Sio suala la spidi, ila watu wanalitafsiri kuwa "VPN imekuwa nzito asubuhi".

#32 Fundi_Chuno
Hii imeenda shule. Ongeza na `PersistentKeepalive = 25` kwa walio nyuma ya NAT ya mtoa huduma, hasa 4G. Haiongezi spidi, inazuia mlango kufungwa ukikaa kimya.

#33 Nachingwea_Tik
Na kwa nini kila kitu kipite VPN? Video nyingi zina akiba zake karibu, ukipitia Frankfurt unazileta kutoka Frankfurt bila sababu. Kwenye `AllowedIPs` ondoa 0.0.0.0/0 (yaani kila kitu), weka mitandao ya kazini tu, mfano 10.20.0.0/16. Anayetaka kuchagua kwa kifaa, OpenWrt ina kifurushi kinaitwa pbr: runinga ipite wan, kompyuta ya kazi ipite VPN. Prosesa itapumua bila kununua ruta mpya.

#34 Shangani_Net
Nimefanya hivi: SQM fq_codel 30000. Nguvu ya mwanga ilikuwa -26.4. Kipande cha kebo kilikuwa kimebanwa na mguu wa meza, na upande wa ukutani kina kichwa cha bluu. Nimeweka cha kijani pande zote, sasa ni -20.9.

WireGuard kwenye ruta, mchana: kushusha 27, mkondo mmoja 21. Kupandisha 27.
Saa mbili usiku: kushusha 11, mkondo mmoja 5. Bila VPN muda huo huo, seva ya Dar: 47.

#35 Masasi_4G
Mmeona! 47 bila VPN na 11 ndani ya VPN, saa moja ile ile. Kebo ya kijani imewekwa, prosesa ni ile ile ya mchana. Wanabana VPN jioni. Nilisema #5.

#36 Lindi_Mitwero
Au njia ya kwenda Ulaya inajaa jioni, kwa wote, VPN au bila VPN. Yeye amepima Dar, na Dar haipandi kebo ya baharini. Apime bila VPN hadi seva ya Frankfurt, sio ya Dar.

#37 Ligula_88
Au seva ya VPN yenyewe imejaa. Saa mbili usiku huku ni jioni Ulaya, kila mtu yuko kwenye video.

#38 MzeeKorosho
Watatu mmesimama, kila mmoja na mchawi wake.

#39 binti_mikindani
Usiku wa leo, muda huo huo, apime vitu vitatu vikifuatana. Kwanza iperf3 `-R` bila VPN hadi seva ya Frankfurt. Pili, na VPN hadi seva hiyo hiyo. Tatu, VPN lakini seva ya mji mwingine wa Ulaya, mfano Amsterdam. Ya kwanza ikiwa 11 pia, Lindi_Mitwero. Ya kwanza ikiwa 40 na mbili zilizobaki ziko chini, Masasi_4G ana hoja, ila abadilishe na bandari ya WireGuard kutoka 51820 kwenda nyingine aone kama kuna tofauti. Amsterdam ikipanda peke yake, Ligula_88.

Wakati huo huo `mtr -u -c 200` (inaonyesha upotevu kwa kila hatua ya njia) kuelekea anwani ya seva, ukiwa nje ya VPN. Usishtuke hatua ya katikati ikionyesha 60% zimepotea halafu zinazofuata 0%. Ile ruta inakataa kujibu tu, haipotezi. Upotevu wa kweli unaanza mahali na kuendelea hadi mwisho. Lete yote hapa kama maandishi, sio picha ya skrini.

#40 Masasi_4G
Na mimi 1340 imekubali, nimetoka 4 hadi 13 kwenye laini ya simu. Ila nabaki na msimamo wangu wa kubanwa.

#41 Fundi_Chuno
@Masasi_4G 13 ni ya saa ngapi?